Waraka tuliousoma nusu

Mwalimu wa Kiswahili ana kanuni moja ambayo huirudia darasani hata wanafunzi wakaikinai: soma taarifa yote ya ufahamu kabla ya kujibu swali hata moja. Nilifundisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo katika shule za upili kwa muda wa miaka 32, na sidhani kuna juma lililopita bila ya mimi kuitamka kanuni hiyo. Leo nataka kukueleza, ndugu msomaji, jinsi mimi mwenyewe nilivyoivunja. Sikuivunja katika chumba cha mtihani bali katika nyumba ya Mungu, na aliyeadhibiwa kwa kosa langu hakuwa mimi.

Majuma machache yaliyopita mama mmoja mkongwe wa kanisa letu la milimani alinijia nyumbani jioni. Alibisha hodi, nikamkaribisha, akaketi, lakini chai akaikataa. Alikaa kimya kwa muda, mkongojo wake ameulaza magotini, kisha akaniuliza swali ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. "Mwalimu," alisema, "siku zangu zimekwisha kuhesabiwa. Nikifa, mtamruhusu mwanangu aingie kanisani kunizika, au atasimama nje ya ua kama mpita njia?"

Nilimfahamu mwanawe. Nitamwita Elisha, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa mwanafunzi wangu hadi alipofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1999. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti nzuri na vidole vilivyojua kinanda kuliko vya mtu yeyote katika tarafa yetu. Alipomaliza masomo alirudi kijijini, akawa mwalimu wa kwaya. Chini yake kwaya yetu, ambayo hapo awali ilikuwa ikiimba kila mtu na njia yake, ilijifunza kuimba sauti nne na kutembelea makanisa ya mbali.

Mwaka 2007 ulikuwa mwaka wa makelele katika Kanisa la Kianglikana. Miaka minne kabla yake, mwezi Novemba 2003, Gene Robinson, kasisi aliyekuwa akiishi waziwazi na mwanamume mwenziwe, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa New Hampshire nchini Marekani. Kanisa letu la Kenya lilikuwa miongoni mwa makanisa yaliyopinga jambo hilo kwa nguvu zote. Mwezi Agosti 2007, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, makasisi wawili wa Kimarekani wasiokubaliana na mkondo huo waliwekwa wakfu kuwa maaskofu chini ya Kanisa la Kenya. Habari hizo zilivuma redioni na magazetini, na hata sisi wa mashambani, tusioijua New Hampshire iko upande gani wa dunia, tukawa hatuna mjadala mwingine. Katika hali hiyo, tetesi ndogo ya kijijini ilipata mbawa.

Tetesi yenyewe ilimhusu Elisha. Alikuwa amepita umri wa kuoa na hakuoa. Wasichana wa kwaya walimpenda naye akawatendea kama dada zake. Kisha vijana fulani wakadai kwamba walisoma ujumbe katika simu yake. Ikaitishwa baraza la wazee wa kanisa Jumamosi alasiri, nami nilikuwa mmoja wa wazee hao. Naomba msomaji azingatie jambo moja: hakuna aliyemshtaki kwamba alimgusa mtu, mtoto wala mtu mzima. Swali halikuwa alitenda nini. Swali lilikuwa yeye ni mtu wa namna gani.

Mwenyekiti alimwuliza kama ni kweli wasemayo watu. Elisha alisimama, mikono ameifunga nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Akasema, "Wazee wangu, sijaishi na mtu wala sijamgusa mtu. Lakini mkiniuliza moyo wangu umeumbwaje, jibu ni ndiyo. Nimeomba jambo hili liniondoke tangu nikiwa darasa la saba, na halikuondoka. Nawaambia kwa sababu mmeniuliza, na hapa kanisani nilifundishwa nisiseme uongo." Aliyemfundisha asiseme uongo, katika somo la dini, nilikuwa mimi.

Ndipo katibu alipotoa karatasi moja iliyopigwa chapa na kutusomea sentensi moja ya azimio la mkutano wa Lambeth. Mkutano huo huwaleta pamoja maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima. Sentensi ilisema kwamba tendo la ngono baina ya watu wa jinsia moja halipatani na Maandiko. Karatasi ikakunjwa. Mwenyekiti akauliza ni nani wanaokubali kijana huyu aondolewe katika kwaya na azuiwe kushiriki Meza ya Bwana. Mikono tisa iliinuliwa, na mmoja ulikuwa wangu. Elisha aliweka mezani ufunguo wa sanduku la kinanda na daftari la nyimbo, akasema asanteni, akatoka. Baada ya mwezi mmoja alihamia Mombasa. Mama yake hakuacha kuja ibadani, lakini benchi alilokalia lilianza kubaki na nafasi upande wake.

Nilipostaafu nilipata wasaa wa kusoma yale ambayo kazi haikuniruhusu kuyasoma. Miongoni mwake ni azimio lile, lililopitishwa mwaka 1998, tarehe 5 Agosti, kwa kura 526 dhidi ya 70, huku maaskofu 45 wakijizuia kupiga kura. Nililisoma mara ya kwanza toka mwanzo hadi mwisho. Ile sentensi tuliyosomewa imo, na wala haikuwekwa kwa bahati mbaya. Azimio linashikilia kwamba ndoa ni ya mume na mke kwa maisha yao yote, linawataka wasio katika ndoa wajizuie, na linakataa kubariki miungano ya watu wa jinsia moja. Lakini si hayo peke yake yaliyomo. Azimio hilohilo linakiri kwamba miongoni mwa waumini wamo watu wanaojihisi kuwa na mwelekeo huo, na kwamba wengi wao ni washiriki wa Kanisa wanaohitaji kuchungwa. Maaskofu wanaahidi kuwasikiliza watu hao. Wanataka waambiwe kwamba Mungu anawapenda. Wanasema kila aliyebatizwa, mwenye imani na uaminifu, bila kujali mwelekeo wake, ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo. Nao wanalaani ile hofu isiyo na sababu dhidi yao.

Niliiweka karatasi chini nikavua miwani. Hata kwa kipimo kikali kabisa cha azimio lile, Elisha hakuwa na hatia yoyote. Alikuwa mtu aliyebatizwa, mwenye imani, aliyetuambia kwamba hajatenda lile tuliloliita dhambi. Kulingana na waraka tuliomhukumia, ilitupasa tumsikilize na kumhakikishia upendo wa Mungu. Sisi tulichukua ufunguo wake.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama kila waraka wa Kanisa kuhusu suala hili, na nimegundua kwamba karibu kila mmoja una nusu mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inayahesabu matendo hayo kuwa kinyume na utaratibu wa maumbile. Lakini aya inayofuata inaagiza kwamba watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilipotoa tamko la kuruhusu baraka fupi, zisizo za ibada ya ndoa, kwa watu walio katika miungano ya namna hiyo, maaskofu Wakatoliki wa Afrika walijibu mwezi Januari 2024 kwamba baraka hizo hazifai kutolewa barani humu. Jibu hilo lilitangazwa kila mahali. Lakini barua yao ilisema pia kwamba watu wenye mwelekeo huo wanastahili kutendewa kwa heshima na utu. Je, ni parokia ngapi zilizoisoma sehemu hiyo mimbarini kwa sauti ileile?

Hii ndiyo hoja yangu. Sijaandika makala haya ili kulitaka Kanisa libadilishe mafundisho yake juu ya ndoa. Mimi si mwanatheolojia, na wako wenye elimu wanaobishana juu ya jambo hilo kila upande. Ninasema tu kwamba mafundisho yenyewe, hata yanaposhikwa kwa ukali, yametuwekea wajibu ambao hatujautimiza. Nusu inayomzuia mwenzetu tumeihifadhi moyoni. Nusu inayotufunga sisi tumeiacha ndani ya bahasha.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza litakuwa kwamba Maandiko yako wazi. Naam, Walawi, Warumi na Wakorintho vina aya ambazo hakuna anayeweza kuzifuta, wala sijaribu. Lakini mwanafunzi hodari wa dini huenda mbali zaidi ya aya moja. Sisi sote tunapoitaja Sodoma hufikiria jambo moja tu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 16, alipotaja uovu wa mji huo alianza na kiburi, shibe na raha ya watu ambao hawakumsaidia maskini na mhitaji. Aliyataja machukizo pia, lakini orodha yake ilianzia kwenye meza zetu sisi wenye kushiba.

Tazama pia kisa cha towashi wa Kushi katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Huyu alikuwa Mwafrika, mtunza hazina wa malkia, akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 23, ilimzuia mtu wa hali yake asiingie katika kusanyiko la Bwana. Alikuwa akisoma kitabu cha Isaya, kitabu ambacho mbele kidogo, katika sura ya 56, kinawaahidi matowashi waaminifu nafasi na jina bora ndani ya nyumba ya Mungu. Alipoona maji aliuliza ni kitu gani kinachomzuia asibatizwe. Filipo angeweza kufungua Torati na kumwonyesha kizuizi. Badala yake waliteremka majini wote wawili. Sisemi kwamba towashi ni sawa na mtu anayempenda wa jinsia yake. Hizo ni hali mbili mbalimbali. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye sheria ilimweka nje aliuliza kama ana nafasi, na mtumishi wa Mungu alishuka naye majini kabla ya kuitisha kikao.

Jibu la pili ni kwamba haya ni mambo ya kigeni. Hoja hii hupendwa sana, lakini ukiikagua inaanza kuyumba. Kifungu cha 162 cha Kanuni yetu ya Adhabu, kinachotishia kifungo cha hadi miaka 14, hakikutungwa na wazee wa Kiafrika chini ya mti. Ni urithi wa sheria za Waingereza, ndugu ya kile kifungu cha 377 walichoiandikia Uhindi mwaka 1860. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo Mahakama ya Juu, tarehe 24 Februari 2023, kwa uamuzi wa majaji 3 dhidi ya 2, ilisema kwamba kuwanyima watu hawa haki ya kusajili chama chao kulikuwa ubaguzi usiokubaliwa na Katiba. Majaji hawakuhalalisha tendo lolote. Walitofautisha tendo na mtu, na mtu wakamwachia haki yake ya uraia. Inasikitisha kwamba jambo ambalo mahakama iliweza kulitofautisha, sisi wazee wa kanisa tulishindwa.

Tena si kweli kwamba waliotaka Kanisa liwe na huruma ni wageni pekee. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyeaga dunia Desemba 2021, alisema mwaka 2013 kwamba hangetaka kwenda katika mbingu inayowachukia watu hao. Jirani zetu Waganda wanamjua Askofu Christopher Senyonjo, aliyekuwa askofu wa West Buganda hadi alipostaafu mwaka 1998. Vijana wa aina hii walipomjia kutaka ushauri aliwasikiliza na kuwaambia kwamba Mungu anawapenda, na kwa sababu hiyo Kanisa lake lilimwondolea haki ya kuhudumu kama askofu. Hapa kwetu, mwandishi Binyavanga Wainaina alitangaza hali yake mwezi Januari 2014, kwa kuandika jinsi ambavyo angemwambia mama yake, aliyekuwa amefariki mwaka 2000 bila kuambiwa. Binyavanga naye alifariki tarehe 21 Mei 2019. Wasomi wa fasihi watajadili ufundi wa maandishi yale. Mimi nilipoyasoma nilimwona Mama Elisha katika benchi lake, mama ambaye yeye aliambiwa, na aliyeendelea kumwita mwanawe mwanangu.

Labda wataniuliza: Kanisa litawezaje kushika mafundisho yake na wakati uo huo kumfungulia mlango mtu ambaye maisha yake hayaafikiani nayo? Hili Kanisa letu la Afrika limewahi kulifanya. Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake wawili. Alisikia Injili akaiamini, lakini mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888 ulikuwa umeamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe. Abaki mwanafunzi wa ubatizo hadi hali yake ibadilike. Babu angeibadilije, ikiwa si kwa kumfukuza bibi mmoja na watoto wake? Alikataa. Kila Jumapili alikaa nje, kwenye jiwe chini ya dirisha, akisikiliza. Alikufa bila kubatizwa, na jiwe lile liko mpaka leo.

Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988 mkutano huohuo wa Lambeth, ukisikiliza sauti za Afrika, uliruhusu mtu kama babu yangu abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, kwa ahadi kwamba hataongeza mke mwingine. Uliona kwamba kumlazimisha awaache wake zake kungewatupa wanawake hao katika dhiki. Miongoni mwa waliotetea badiliko hilo ni David Gitari, ambaye mwaka 1997 alianza kuliongoza Kanisa letu kama askofu mkuu. Sitaki kumsingizia marehemu: katika suala la ushoga yeye alisimama upande wa mafundisho ya zamani. Lakini yeye na wenzake walituonyesha njia. Hawakusema ndoa ya wake wengi ndiyo mpango wa Mungu. Fundisho la ndoa ya mume na mke mmoja lilibaki palepale. Walisema tu kwamba fundisho lisigeuzwe kuwa jiwe la kumkalisha mtu nje ya dirisha.

Jibu la tatu huwagusa zaidi walimu wenzangu, nalo ni hofu ya watoto. Hofu hii siidharau, kwa maana nimelea watoto wa watu kwa miaka mingi. Lakini tuwe waangalifu tusichanganye mambo mawili. Mtu mzima anayemdhulumu mtoto kimwili ni mhalifu, awe amemdhulumu mvulana au msichana, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haina simile naye. Kila mwalimu anayeficha dhuluma hiyo anashiriki uovu. Lakini kumdhania mtu kuwa mdhalimu kwa sababu tu ya hali ya moyo wake, bila tendo wala ushahidi, ni kusema uongo dhidi ya jirani, na hilo nalo lina amri yake miongoni mwa zile kumi. Mara ngapi tumeona mwanafunzi wa bweni akirudishwa nyumbani na sanduku lake kwa sababu ya uvumi uliopikwa na wenziwe? Mtoto huyo hurudi kwa wazazi waliokwisha kupigiwa simu, hupita mbele ya kanisa ambalo limekwisha kusikia, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli.

Kuna pia suala la maneno, ambalo sisi walimu wa lugha hatuwezi kulikwepa. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu, mwanamke humwita mwenziwe shoga kwa maana ya rafiki yake wa chanda na pete. Neno hilohilo likirushiwa kijana wa kiume katika uwanja wa shule, linakuwa jiwe. Yako mengine makali zaidi ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto, nayo husikika katika shule zetu mbele ya walimu wanaojifanya hawasikii. Neno la kumdunisha mtu huhukumu kabla ya hakimu kuketi. Kikao chetu cha mwaka 2007 kilikuwa kimekwisha kuamuliwa kisimani na vibandani, kabla ya sala ya kufungulia kusomwa.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, nawaomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwanafunzi akija kwako na siri ya namna hii, msikilize hadi mwisho kabla ya kutafuta aya. Usiitangaze siri hiyo katika chumba cha walimu. Ukifundisha mafundisho ya dini yako juu ya ndoa, yafundishe yote, pamoja na sehemu inayokuamuru wewe umheshimu asiyefanana nawe. Nanyi wanafunzi, mnapopata maandishi ya Kanisa, ya serikali au ya mahakama, msikubali kusomewa sentensi moja na mtu aliyekwisha kukunja karatasi. Ombeni muishike wenyewe, muisome yote.

Mimi nimeanza kulipa deni langu, ingawa nimechelewa. Juma lililopita nilipanda matatu hadi Voi, na kutoka Voi nikaenda Mombasa, nikamtafuta Elisha. Hutengeneza redio na televisheni katika kibanda kidogo. Nywele zimeanza kumtoka mvi. Aliponiona aliweka bisibisi chini, akasimama, mikono nyuma kama siku ile. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. Niliitikia marahaba, nikamwambia kilichonileta: kwamba siku ile niliinua mkono bila kusoma karatasi yote, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

Hakunijibu mara moja. Alinitafutia stuli, akatuma soda, kisha akaniambia kwamba kila Jumapili huenda katika kanisa moja la mjini, hukaa nyuma, na hutoka kabla ya watu kuanza kusalimiana, ili asije akaulizwa jina la parokia yake. "Mimi, Mwalimu, sikuwa na haja ya kinanda wala cheo," alisema. "Nilitaka kuketi tu na mama." Kuhusu radhi alisema atafikiri. Nilimwambia kwamba ana haki ya kufikiri kwa muda autakao.

Niliporudi niliandikia baraza la wazee barua, nikaambatisha azimio zima la mwaka 1998, nikaomba lisomwe lote mbele ya waumini na uamuzi wetu wa mwaka 2007 ufikiriwe upya. Hadi ninapoandika sijapata jibu. Najua wengine watasema uzee umeniharibu akili. Potelea mbali, afadhali kuharibika akili uzeeni kuliko kuzikwa na akili timamu iliyonyamaza.

Kisha nilikwenda kwa Mama Elisha. Nilimwambia kwamba sina mamlaka ya kumwahidi mambo ya baraza, lakini siku hiyo ikifika nami nikiwa hai, nitasimama mlangoni mwa kanisa nikiwa nimemshika Elisha mkono, na atakayemzuia atanizuia mimi kwanza. Alinitazama kwa muda mrefu, akipima, nadhani, kama mkono ninaousema ni uleule aliousikia ukiinuliwa. Kisha akamwita mjukuu wake.

"Mletee Mwalimu chai," alisema. "Na mimi unitilie."